Kadi ya Diski Katika Seva ya Shule

Wasomaji wengi wa gazeti hili waijua seva ya shule kwa jina tu. Wajua kwamba imo katika chumba kidogo nyuma ya maktaba, kwamba yavuma mchana kutwa kama mashine ya kusaga iliyo mbali, na kwamba siku isipofanya kazi kompyuta zote za maktaba huwa kama redio isiyo na betri. Zaidi ya hayo hapana aulizaye. Lakini muhula huu wazazi waliombwa wachangie fedha za kununulia kadi moja isiyopita ukubwa wa bahasha, na wengine wameuliza, nao wana haki ya kuuliza, ni kadi gani hiyo yenye thamani ya magunia ya mahindi. Mhariri ameniomba nieleze, kwa kuwa nilikuwapo tangu siku ya kwanza hata ya mwisho, na mikono yangu ndiyo iliyoitia kadi ile mahali pake.

Yafaa nianze na kilichomo ndani ya seva. Seva ni kompyuta kama nyingine, ila imetengenezwa ili ihudumie kompyuta nyingine. Hiyo yetu ilikuja ikiwa imekwisha kutumika, zawadi ya wanafunzi wa zamani. Ndani yake mna vitabu vya kiada, mitihani ya Taifa ya miaka iliyopita pamoja na majibu yaliyoandikwa na walimu wetu, masomo ya video, na kamusi elezo nzima inayosomeka bila intaneti. Sisi wa Kidato cha Nne, tulio na mtihani mwezi wa kumi na moja, twaitegemea kama mkulima anavyotegemea ghala. Hata hivyo hayo yote yangeweza kupatikana tena kwingine kwa kuomba na kuhangaika. Kisichoweza kupatikana tena ni magazeti ya shule.

Kwa miaka miwili sasa chama cha gazeti kimekuwa kikipiga skani kila ukurasa wa magazeti haya, tangu yale ya kwanza yaliyochapwa kwa taipureta na kutolewa nakala kwa mashine ya stensili. Humo mna majina ya wachezaji mpira ambao leo ni mababu, mashairi, ripoti za mabweni, barua za waliokwenda vyuoni, na malalamiko juu ya maharage. (Malalamiko juu ya maharage hayajabadilika hata neno.) Masika ya mwaka jana paa la stoo lilivuja, makasha mawili yakalowa, na karatasi zikashikamana kama tofali. Kwa hiyo miaka kumi na miwili ya gazeti hili haikuwako tena popote tunapopajua ila katika diski sita za seva, wala hapakuwa na nakala ya pili. Simlaumu mtu kwa hilo. Diski ya akiba iliandikwa katika makadirio ya fedha mara mbili, na mara zote mbili palikuwa na jambo la haraka zaidi.

Basi usiku mmoja wa mwezi wa saba, wakati wa prepo, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Asubuhi seva iliamka, feni zikavuma, taa zikawaka, kisha kioo kikaandika kwamba hakuna diski hata moja. Sita kwa mpigo! Mwalimu wetu wa kompyuta hakusadiki. Diski moja yaweza kufa, na mbili kwa bahati mbaya. Lakini diski sita kufa saa moja ni kama ng'ombe wote wa boma kutoweka usiku mmoja: mtu mwenye akili huenda kwanza kutazama mlango wa boma.

Mlango wenyewe ndio kadi. Katika kompyuta ndogo, diski huchomekwa moja kwa moja katika bodi kuu, ile ambayo mafundi wa mjini huiita madabodi. Katika seva yenye diski nyingi, diski huchomekwa kwa nyaya katika kadi, na kadi huchomekwa katika sloti, nayo ni ufa mrefu mwembamba wa plastiki juu ya bodi kuu, wenye vijino vya chuma ndani. Wazo la kuacha nafasi tupu ili mtu aongeze kitu baadaye si jipya. Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa na sloti 5. Mwaka 1992 ulikuja utaratibu wa PCI, na mwaka 2003 ule wa PCI Express, ambao ndio ulio katika seva yetu. Diski zenyewe ni za zamani zaidi. Mwaka 1956 IBM ilitoa mtambo wa diski ulioitwa RAMAC, wenye sahani 50, kila sahani upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba kiasi cha megabaiti 5. Picha moja ya simu ya siku hizi yaweza kuujaza mtambo ule.

Kadi yetu hufanya kazi nyingine zaidi ya kupitisha data. Huzifunga diski zote sita zionekane kama moja. Kila diski yabeba terabaiti 1. Ukurasa ukiandikwa, kadi huukata vipande, hiki katika diski ya kwanza, hiki katika ya pili, na katika kila safu ya vipande huongeza kimoja cha hesabu. Diski moja ikifa, kilichokuwamo hukokotolewa kutoka katika tano zilizobaki, kama vile mtu akujuapo jumla na namba tano aweza kuitafuta ya sita. Gharama yake ni nafasi ya diski moja, ndiyo maana sita hutupa terabaiti 5. Ubaya wake ni huu: ukichomoa diski moja na kuitia katika kompyuta nyingine, huoni ila vipande visivyosomeka. Aujuaye mpango ni kadi. Kwa bahati njema, kadi za namna hii huuandika mpango huo katika diski zenyewe pia, mahali padogo pembeni, ili kadi ya jamaa moja na iliyokufa iweze kuusoma. Naomba msomaji alikumbuke neno hilo, maana tutalihitaji mbele.

Aliitwa fundi kutoka mjini. Alikuwa mtu mpole, mwenye bisibisi nzuri kuliko zetu, na sina neno baya juu yake. Aliichomoa kadi katika sloti ya 2, akaitia katika sloti ya 5, akawasha. Haikuonekana. Akainusa, akatupa sisi pia tunuse: ilikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Akasema imekufa. Ndipo ikaagizwa kadi nyingine ya jamaa ile ile kutoka Dar es Salaam, na wazazi wakachangishwa.

Kadi ilifika kwa basi baada ya siku tisa, imefungwa katika mfuko wa rangi ya fedha unaozuia umeme tuli. Fundi alikuja jioni ile ile. Alihofia kwamba sloti ya 2 nayo imeungua, akaikwepa, akachagua sloti ya 4 kwa kuwa ndiyo ndefu kuliko zote. Aliwasha, hapana kitu. Akahamia sloti ya 6, hapana kitu. Tulikaa kimya. Kadi mpya, harufu mpya, taa yake ndogo ya kijani ikiwaka, na kompyuta haikukiri hata kwamba ipo. Hatimaye fundi alifunga mkoba wake akasema kwamba bila shaka bodi kuu imekufa pamoja na kadi ya zamani, na kwamba ushauri wake ni seva iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, inunuliwe kompyuta ya kawaida, na diski zifomatiwe zitumike humo.

Kufomati ni kuifanya diski iwe tupu. Ushauri ule haukuwa wa kijinga, kwa maana diski sita nzima ni mali, na shule yenye madirisha yasiyo na vioo haitupi mali. Wapo waliouunga mkono. Hata miongoni mwetu wanafunzi wapo waliosema kwamba tunachotaka ni mitihani ya miaka iliyopita, na hiyo yaweza kupatikana kwa wenzetu wa shule nyingine kabla ya mwezi wa kumi na moja. Magazeti ya mababu hayatampa mtu daraja la kwanza.

Mwalimu wa historia, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hajui kadi wala sloti, alikuja chumbani kesho yake tulipokuwa tukifagia. Alitukumbusha habari za mji wetu. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, Umoja wa Mataifa uliunda mahakama mwezi Novemba mwaka ule ule, na Februari 1995 ukaamua makao yake yawe Arusha. Kesi zilisikilizwa katika jumba la AICC, ambalo sote twalipita twendapo mjini. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo ilitoa hukumu juu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, nayo ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mahakama ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Lakini mashahidi waliosimama pale waliacha sauti na nyuso zao katika maelfu ya saa za kanda, na kanda, alisema mwalimu, huchakaa kama viatu. Kwa ajili ya hizo na karatasi zake, chombo kilichoirithi mahakama hiyo kilijengewa majengo Lakilaki, nje kidogo ya mji, yakafunguliwa Novemba 2016, na moja kati ya majengo hayo ni la kumbukumbu tu.

"Sisemi gazeti lenu ni sawa na ushahidi ule," alisema. "Nasema aliyesema mwaka 1997 hawezi kuombwa aseme tena vile vile. Na aliyeandika hapa shuleni wakati wa Uhuru, wengi wao wamekwisha kufa."

Halafu akaondoka, akatuachia mifagio. Mwalimu wa kompyuta akaenda kwa Mkuu wa Shule kuomba wiki moja kabla diski hazijaguswa. Akapewa.

Katika wiki ile tulifanya jambo ambalo lilipasa kufanywa mapema, nalo ni kusoma. Seva nyingi zina picha ya bodi kuu iliyobandikwa upande wa ndani wa kifuniko. Kifuniko chetu kilikuwa kimeegemezwa ukutani siku zote, picha ikitazama ukuta. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili, aliyekuwa ameshika tochi tu, alikigeuza apate mahali pa kukaa, akauliza, "Samahani, Mwalimu, hapa sloti tatu zimeandikwa P1 na tatu zimeandikwa P2. Hiyo P ni nini?"

P ni prosesa. Seva ile ina makao ya prosesa mbili, lakini ilipotolewa zawadi ilikuwa na moja tu. Makao ya pili yamefunikwa kifuniko cha plastiki. Sloti ya 1, ya 2 na ya 3 zimeungwa na prosesa ya kwanza. Sloti ya 4, ya 5 na ya 6 zimeungwa na prosesa ya pili, ambayo haipo. Fundi alikuwa amejaribu ya 5, ya 4 na ya 6. Zote tatu!

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa kuwa hili ndilo jambo ambalo watu wazima kadhaa wenye akili walilipita bila kuliona. Sisi tuliozaliwa miguuni pa Mlima Meru twaijua mifereji. Maji hutoka mto Nduruma au Themi, hushika mfereji mkuu, kisha hugawanywa kwa matoleo madogo shambani kwa watu. Mtu aweza kuwa na toleo zuri, limejengwa kwa mawe, lina mlango wa ubao, na shamba lake limesawazishwa barabara. Lakini ikiwa mfereji ulio juu yake haujachimbwa mpaka mtoni, atapanda mchicha na mchicha utakauka. Kosa si la mbegu, wala si la toleo. Sloti ya 4 ni toleo la namna hiyo. Ina umbo kamili, kadi yaingia na kukaza, na hata umeme wa kuwasha ile taa ya kijani umo, maana umeme waja kwa njia nyingine. Kinachokosekana ni njia ya data kwenda kwa prosesa.

Na juu ya urefu wa sloti yafaa niseme neno, kwa sababu wengi hudhani iliyo ndefu ndiyo bora. Katika PCI Express sloti hupimwa kwa idadi ya njia: 1, 4, 8 au 16. Wasomaji waikumbuke barabara ya kutoka Sakina hadi Tengeru kabla haijapanuliwa na baada ya kupanuliwa: magari ni yale yale, njia zimeongezeka. Kadi yetu ni ya njia 8 za kizazi cha pili, na kila njia ya kizazi hicho hupitisha kiasi cha megabaiti 500 kwa sekunde kwa kila upande. Njia nane ni megabaiti 4,000. Diski zetu, zikienda mbio sana, hutoa kiasi cha megabaiti 150 kila moja, yaani 900 kwa zote sita. Hata njia nne zingetosha na kubaki. Kwa hiyo kuihamishia kadi katika sloti ya njia 16 ni kama kumpa mwendesha baiskeli barabara nzima ya Sakina; atashukuru, lakini hatafika mapema. Tena sloti huweza kuwa ndefu kwa umbo na njia zake zikawa chache kwa ndani. Urefu hautoshi, ni lazima mtu asome maandishi.

Jumamosi iliyofuata tulianza kazi. Mwalimu alisema kila hatua kwa sauti kabla haijatendwa, na hapana aliyeruhusiwa kwenda mbele ya sauti yake. Waya wa umeme ulichomolewa kabisa ukutani, si kuzimwa kwa kitufe, kisha tukangoja mpaka kataa kadogo kwenye bodi kakazimika kenyewe. Tulivua sweta. Wasiojua walicheka, maana asubuhi za Arusha mwezi wa nane ni za kutetemeka. Lakini sweta zetu hizi zikisuguana katika hewa kavu hutoa cheche, ambazo kila mtu amezisikia bwenini usiku, na cheche ndogo kuliko hiyo huweza kuua kadi bila hata kuonekana. Kila mmoja alishika kwanza chuma tupu cha sanduku la seva. Kisha tuliondoa vumbi kwa brashi laini ya rangi. Vumbi la huku kwetu ni jepesi kama unga, na lilikuwa limelala katika sloti ya 1 tangu ilipofika.

Ikatokea kizuizi kidogo. Kadi mpya ilikuja na bamba fupi la chuma, lile linalofungwa kwa skrubu nyuma ya sanduku, na seva yetu yataka bamba refu. Fundi alikuwa ameiacha ikining'inia bila skrubu, jambo ambalo si jema, kwa kuwa nyaya za diski ni nzito na huivuta kadi ikae upande. Kwa kuwa zilikuwa za jamaa moja, tulilifungua bamba la kadi iliyokufa, skrubu mbili tu, na matundu yakalingana. Basi marehemu alimpa mrithi koti lake.

Kabla ya hapo Mwalimu alitaka jambo moja lililoonekana kwa wengine kuwa la kupoteza wakati. Kadi ya zamani ilikuwa haijajaribiwa kwa haki hata mara moja baada ya kuhamishwa, maana ilihamishiwa katika sloti isiyo na njia. Kwa hiyo, ingawa ilinuka, akataka nayo ijaribiwe katika sloti ya 1. Tukaijaribu. Haikuonekana. Sasa tulijua kwamba imekufa. Kabla ya hapo tulikuwa tumenusa tu.

Kisha nikaambiwa nitie mpya. Kadi hushikwa kwa kingo, na vidole havigusi kamwe ile safu ya dhahabu ya chini, kwa kuwa mafuta ya ngozi hubaki pale. Niliisimamisha wima juu ya sloti, nikaitazama kutoka pembeni kuona imelala sawa, nikasukuma kwa vidole gumba viwili, pande zote kwa nguvu moja. Huhitaji nguvu kuliko mtu anavyodhani, na hapo ndipo waoga huachia njiani, ikaingia nusu. Mara ikazama kwa mlio mdogo. Tukafunga skrubu. Nyaya mbili za diski, ambazo nilikuwa nimezibandika namba kabla hazijachomolewa, zikarudi kila moja kwa mwenziwe. Mwisho tulirudisha kifuniko, na hilo si kwa ajili ya uzuri. Kadi hizi hupata joto jingi, zimetengenezwa zipozwe na upepo wa feni upitao ndani ya sanduku lililofungwa. Kifuniko kikiwa wazi upepo hutawanyika na kadi hujichoma yenyewe.

Tukawasha. Kioo kikaandika jina la kadi. Kelele tuliyopiga ilisikika bwaloni, wakadhani kuna nyoka.

Lakini kioo kiliendelea kuandika. Kilisema kwamba diski sita zimeonekana, zina mpango wa kigeni, na je, mpango huo upokewe au ufutwe? Lile neno nililomwomba msomaji alikumbuke ndilo hili. Kadi mpya iliusoma mpango wa kadi ya zamani pembeni mwa diski, ikauita mgeni, ikauliza kama ni rafiki. Kupokea ni kujibonyeza herufi moja. Kufuta ni kubonyeza nyingine, iliyo karibu nayo. Ukipokea, diski sita huwa tena kitu kimoja. Ukifuta, vipande vyabaki bila mpango, na kwa shule isiyo na fedha za wataalamu wa ng'ambo hiyo ni sawa na kuvipoteza.

Mwalimu alitwambia tuondoe mikono mezani. Alisoma maneno yale kwa Kiingereza, akayasoma tena, akatutafsiria kwa Kiswahili, akauliza kama kuna mtu aliyeelewa tofauti. Hapana aliyejibu. Mwalimu wa historia alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti, wala hakusema kitu. Kisha Mwalimu wa kompyuta akabonyeza kupokea.

Ilichukua muda kama wa kuchemsha chai ya watu wawili. Yakatokea majalada, moja moja: vitabu, mitihani, kamusi elezo, halafu GAZETI. Tulifungua la kwanza lililokuja, tukaona ukurasa wa stensili wenye doa la wino, na habari ya mashindano ya kupanda Meru ambayo mshindi hakutajwa kwa sababu, yasema habari yenyewe, wote walishuka kabla ya kilele. Jalada moja tu lilikutwa limeharibika, lile lililokuwa likiandikwa umeme ulipokatika: kurasa tatu zilizopigwa skani jioni ile. Karatasi zake zilikuwa bado mezani, tukazipiga upya.

Diski sita zilizofungwa pamoja si nakala. Wengi shuleni, na hata mimi nilisikia hivyo kwa wakubwa zangu, walisema kwamba magazeti yako salama kwa kuwa diski moja ikifa tano zitabaki. Ni kweli kwa diski. Si kweli kwa kadi, wala kwa radi, wala kwa mwizi, wala kwa mtu abonyezaye herufi ya pili. Fedha za wazazi zilizobaki baada ya kununua kadi zilinunua diski mbili za nje. Moja imo katika sefu ya mhasibu. Ya pili hukaa kwa mwalimu mmoja nje ya shule, na hubadilishana na ya kwanza kila mwisho wa mwezi. Seva nayo imepata betri ya akiba, ili umeme ukirudi kwa kishindo kishindo hicho kimpige mwingine kwanza. Juu ya sloti ya 4, ya 5 na ya 6 tumebandika karatasi nyeupe yenye maneno haya: HAZINA PROSESA. Fundi yule alikuja kuiona, akacheka sana, akaipiga picha kwa simu yake, na akarekebisha bila malipo feni moja iliyokuwa ikipiga kelele.

Kazi ya skani inaendelea kila Jumamosi baada ya usafi. Katika makasha mliyoyasikia tumekosa kabisa matoleo manne ambayo yalilowa kabla hatujayafikia. Mzazi, babu au bibi yeyote aliye na gazeti la zamani la shule hii, hata likiwa limefungiwa maandazi, tafadhali alitume kwa mwanawe siku ya kufungua shule. Litapigwa skani siku hiyo hiyo na kurudishwa katika bahasha.